Mume wa Bibi

Octavian alipofika chuoni alikuwa kijana wa Kindamba kutoka Masagati, na hilo ndilo jambo la mwisho la uhakika tuliloweza kulisema juu yake. Muhula wa pili alimpata Aikande, binti wa Kichaga kutoka Machame, na ghafla akawa mtu wa biashara. Akipita sokoni Ifakara lazima asimame kuuliza bei ya gunia la mpunga ambalo hana mpango wa kulinunua. Alimwita kila mtu mangi, kama Wachaga wenyewe. Ilipokaribia Krismasi akaanza kulalamika kwamba nauli ya kwenda Moshi imepanda, wakati mama yake mzazi yuko Masagati anapalilia mihogo na hajawahi hata kuiona Moshi kwenye kalenda.

Aikande alimchoka. Octavian akampata Sada, ambaye baba yake ni mfanyakazi wa mashamba ya miwa, na kwa ajili ya Sada akahama timu yake ya mpira akashabikia ya watu wa miwa. Mtu anaweza kubadili dini na ndugu zake wakavumilia, lakini kuhama timu katikati ya ligi ni ugonjwa, na sisi tuliokuwa tunasomea uganga wa hospitali hatukuwa tumefundishwa dawa yake.

Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Pale chuoni kila mmoja alikuwa na kitu cha kujulikana nacho. Kuna waliokuwa wa kwaya, kuna waliokuwa wa kukesha na vitabu, kuna waliokuwa wa nywele. Mimi, Dorotea, nilikuwa wa kuwacheka watu. Nilipanga chumba mtaa wa Mlabani, na jioni wenzangu walijaa kibarazani kwangu kunisikiliza nikiwaigiza wakufunzi na wapenzi wa chuo kizima. Wapenzi hasa niliwadharau. Wanavaa fulana za kufanana, wanapeana namba za siri za simu, halafu wakiachana kila mmoja anaanza upya kujiuliza kama anapenda wali au ugali.

Kisha Octavian akaja kwangu.

"Doro," aliniambia, "kwako ndiyo naweza kuwa mimi."

"Wewe yupi?" nilimuuliza, na nikamcheka usoni.

Hata hivyo sikumfukuza. Alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka unasahau ulichotaka kuficha, na wanaume wa hivyo pale Ifakara ni wachache. Nilimpenda. Nalisema hilo wazi kwa sababu wenzangu walilisema kwa kunong'ona.

Haikupita muda nikamkuta kwenye kibanda cha chipsi akimsema Bryson wa darasa letu, ambaye siku hizo alikuwa ameokoka kwa sababu ya msichana. Octavian alikuwa amepinda mdomo upande mmoja, kidole kimoja kimeinuliwa, na alipomaliza akatulia kidogo ndipo akasema, "Jamani, tumwombee." Watu wakacheka mpaka chipsi zikawapalia. Mdomo ule ulikuwa wangu, kidole kile kilikuwa changu, na "tumwombee" ilikuwa yangu. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na gauni lake njiani likiwa limevaliwa na mwingine, tena limemkaa vizuri. Bendera hufuata upepo, nikajisemea, na upepo wa safari hii ni mimi. Mjinga mimi, jambo hilo lilinifurahisha.

Mwezi wa Mei tulipata likizo fupi, nikaamua kumpeleka kwetu. Kwetu mchumba hapokelewi sebuleni kwa soda. Mpunga ukianza kujaza punje, ukoo unahamia bondeni kuamia ndege wasiule, na mtu anayetaka kujulikana anakuja huko huko, akanyage tope na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka jua linazama. Na anakuja kukutana na bibi.

Bibi yangu Luciana, aliyemzaa mama, ni mtani wa kila kijana anayekuja kwa ajili ya wajukuu zake. Anamwita mume wake na anamtukana mbele ya watu. Mama yangu, Emerensiana, hana utani na mtu, lakini ana imani na jicho la bibi. Bibi akimkubali mtu, mama naye amemkubali. Akimkataa, hata ukilia machozi ya damu hakuna barua ya posa itakayofunguliwa. Mimi nilitaka Octavian akubaliwe. Nilitaka hivyo kuliko nilivyopenda kukiri.

"Atakutukana," nilimwonya ndani ya bajaji. "Ukinyamaza amekudharau. Ukikasirika umekwisha. Mrudishie."

"Nimrudishie nini?"

"Chochote, ilimradi kiwe chako."

Tulimkuta bibi amekaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, kombeo mkononi. Mama alikuwa chini, anapika.

"Shikamoo, bibi," Octavian alisema.

"Marahaba, mume wangu. Ndiyo maana hukuja mwaka jana, ulikuwa unahangaika na huyu mke mwenzangu asiye na nyama? Wewe wa wapi?"

"Masagati, bibi."

"Mndamba wa mlimani." Bibi akageuka kwa mama. "Emerensiana, umesikia? Wandamba wenzake wanazaliwa wakiogelea, huyu wangu akivuka kidimbwi anashikwa mkono. Nimeolewa na samaki anayeogopa maji."

Mama akacheka juu ya sufuria. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Octavian angeweza kusema sisi Wapogoro tunaomba samaki kwa Wandamba tangu enzi za mababu na hatujawahi kulipa. Angeweza kusema amemwona mke mzee lakini si mzee kiasi hiki. Mtu yeyote mwenye kwao angepata la kusema. Octavian alinitazama. Nikatazama pembeni, maana sikuweza kumtukania bibi yangu kwa niaba yake.

Ndipo nikaona mdomo wake unapinda upande mmoja.

"Mimi naogopa maji, bibi, lakini wewe unaogopwa na dawa," alisema, kidole juu. "Mke gani anameza vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja ili awahi kupura mpunga? Halafu anaangukia kwenye mpunga miguu juu, wajukuu wanakimbia huku na huku kama kuku." Akatulia kidogo. "Jamani, tumwombee."

Hakuna aliyecheka.

Jambo lenyewe lilikuwa kweli. Mavuno yaliyopita bibi alimeza vidonge vyake vya presha vyote kwa pamoja, kwa sababu hajui kusoma na alikuwa na haraka. Mama alimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka kituo cha afya akidhani anasukuma maiti. Bibi alipopona aliona aibu, na mama akaapa habari hiyo haitatoka nje ya familia. Ilitoka. Niliitoa mimi, kibarazani Mlabani, kwa vitendo, nikianguka chini na kuinua miguu, na ilichekesha kuliko yote niliyowahi kusimulia. Octavian alikuwepo. Angejuaje kwamba kwetu si kichekesho, wakati mimi mwenye bibi nilikuwa nafuta machozi ya kucheka?

Mama alikuja na mwiko mkononi.

"Hilo umelitoa wapi?"

Octavian alinitazama tena. Mimi niliutazama mpunga. Kweleakwelea walikuwa wanatua wanavyotaka, na hakuna aliyewapigia kelele.

"Kituoni, mama," alisema. "Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilisoma faili la bibi."

Ulikuwa uongo mtupu. Mavuno yale Octavian alikuwa darasani pamoja nami, hajawahi kushika hata kipimajoto cha mgonjwa. Na haukuwa uongo mdogo. Wiki ya kwanza kabisa tulifundishwa kwamba anayetoa siri ya mgonjwa hafai kazi hii, na chuo kinaweza kumrudisha nyumbani. Alilijua hilo vizuri kama mimi. Mdomo wake ulikuwa umenyooka. Nilitafuta sauti ile ameiazima kwa nani, kwa Aikande au kwa Sada, nikakosa. Na yangu ndiyo kabisa haikuwa.

"Na wewe unataka kutibu watu," mama alisema. "Chukua begi lako, kijana. Na chuoni kwenu nitafika, nikawaambie wanafundisha mtu wa namna gani."

"Samahani, mama. Samahani, bibi."

Alivua viatu kwa sababu ya tope, akaondoka kwa kufuata tuta katikati ya majaruba ya mpunga, begi begani, bila kugeuka. Mimi ambaye chuo kizima kinanijua kwa mdomo nilisimama pale kama gogo. Nilikuwa naogopa uso wa mama. Niliogopa zaidi kwamba nikisema, bibi atajua nilimgeuza kichekesho mbele ya watu asiowajua. Nikamwacha mtu mwingine abebe kosa langu, na nikamtazama akibeba mpaka matete yakamficha.

Hapo ndipo nikapata sauti.

"Mama, si yeye. Ni mimi niliyesimulia."

Mama aliketi chini taratibu, mwiko mapajani. Hakunipiga wala hakunitukana, na ningependa afanye hata kimoja.

"Najua," bibi alisema kutoka juu ya dungu. "Kile kidole nilikiona kwako kabla hujaota meno. Alipokiinua tu nikajua nani anaongea."

"Sasa mbona hukusema, bibi? Mbona umemwacha aende?"

"Nilikuwa nasubiri useme akiwepo." Alikuwa anachagua donge la udongo la kutia kwenye kombeo. "Mlikuja hapa nimpime yule kama anafaa kupewa wewe. Anafaa. Wewe ndiye hufai kupewa yeye."

Nilisubiri acheke, kwa sababu mtani akishakutukana hucheka. Bibi alirusha lile donge, ndege wakaruka, akainama kutafuta jingine.