Babu wa Kukopa

Papa Onésime, shemeji wa mujane Léocadie, alikuja kwake Murara na fotokopi za hesabu ya watu ya wakati wa Wabeleji. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, basi akajichagulia lile la chifu wa zamani wa Masisi.

«Walikosea herufi tu, shemeji. Huyu ndiye babu yetu. Weka sinyature yako hapa chini, watoto wako wapate shamba la chifu kule Masisi.»

Léocadie alimutazama kama inzi ndani ya maziwa. Marehemu mume wake alimuelezea wazi: babu Hitimana alichunga ng'ombe wa huyo chifu, na waandikaji wakifika, alijificha migombani akwepe kodi.

«Babu alikimbia hayo makaratasi, wewe unamutafutia humo uchifu! Watoto wangu warithi wizi, Mungu akiona?»

Akakamata biki, akaandika juu ya jina la chifu: Hitimana, muchungaji.

«Haya papa, nenda ukadai fimbo yake.»