Majina Manne ya Mzee Zedekia

Panya wangu huogelea katika beseni kubwa la maji yaliyotiwa maziwa. Chini ya maji kuna kijukwaa wasichokiona. Anayekumbuka kilipo hupanda akapumzika. Aliyesahau huzunguka mpaka nimwopoe. Ni panya wa maabara moja Kampala, waliozalishwa makusudi wakiwa na ugonjwa wa Alzaima, ule wa kusahau. Mwaka huu tuliwadunga ubongoni seli shina zilizopachikwa jeni, na kumi kati ya kumi na wawili wakakipata kijukwaa. Redio moja ya kwetu Kasese ikatangaza kwamba dawa imepatikana. Watu wa redio hawana breki.

Ndipo shemeji yangu Amony akanipigia simu kutoka nyumbani, Bwera. Amony ni Mwacholi wa kaskazini, mke wa kaka yangu askari. Aliolewa kwetu mwaka jana, na ndiye anayemtunza baba yetu, Mzee Zedekia, ambaye kumbukumbu zinamtoka.

"Shem, leta ile dawa kidogo tu, imalizie," alisema. "Mzee iko anapona. Kila asubuhi anataja watoto yake yote ine, hakosei."

Nilimwambia dawa ni ya panya, tena haijamgusa mtu yeyote. Lakini nilipanda basi. Nilikuwa nimeanza kutumaini, nami ni mtu ninayewakemea wenzangu kwa kutumaini kabla ya majibu.

Baba alikuwa barazani, amevaa koti lake la kanisani. Amony akamwamuru kwa sauti ya kambi ya jeshi, "Mzee, taja!"

"Baluku, Bwambale, Masereka, Kule," baba akasema bila kusita. Amony akapiga makofi.

Mimi sikupiga. Kwetu Wakonzo majina hufuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, na kuendelea hivyo nyumba kwa nyumba. Hata mtoto wa jirani angeyataja. Amony hakulijua hilo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Kwenye beseni, kila siku mimi humtumbukiza panya kutoka upande mwingine. Ukimwanzisha palepale, hukariri njia tu. Kwa hiyo nikamwanzisha baba kutoka upande mwingine.

"Baba, mimi ni yupi kati ya hao?"

Alinitazama kwa adabu, adabu ambayo hakuwahi kunipa tangu nizaliwe.

"Amony," akasema, "pea mugeni chai."

Iliniuma, wala sitaficha. Amony akaja na birika mkononi.

"Lakini panya yako, Shem, ilikumbuka kweli?"

"Walikumbuka."

"Sasa iko wapi?"

"Tuliwaua Ijumaa. Lazima ubongo upasuliwe, ndipo tujue seli zimefika wapi."

Amony alimimina chai, akaweka kikombe changu mbele ya kiti cha wageni, nami nikaenda kukaa hapo.