Maiki Mbili za Safu ya Tano

Tangu utotoni walimwita Masikio, kwa sababu aliweza kusimama uani, akasikiliza sufuria ikichemka jikoni kwa jirani, na kusema kama ni maji au maziwa. Sasa alikuwa na shahada ya ufundi wa sauti, kinasa sauti chake mwenyewe, na kazi moja aliyoikubali hata kabla sentensi haijaisha: kurekodi onyesho la Jumamosi alasiri la bendi ya shangazi yake.

Jumatatu Shangazi angefanyiwa upasuaji wa koo. Daktari hakumficha kitu. Sauti ingeweza kurudi ikiwa nyingine, au isirudi ya kuimbia.

"Basi hii ya sasa unishikie, mama," Shangazi alimwambia kwenye simu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mkoba ili apande ngazi.

Fundi wa ukumbi, mzee mnene mwenye utani mwingi ambaye watu walimwita Volti, alimkuta safu ya tano akinyanyua stendi ndefu yenye maiki mbili.

"Msomi, hiyo ni antena au mtego wa popo?"

"Mtego wa sauti. Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Mimi nakupa waya mmoja kutoka kwenye mtambo wangu, unauchomeka kwenye kinasa chako, tumemaliza. Mwaka jana nilirekodi hivyo hivyo."

"Ya mwaka jana nimeisikiliza."

"Ehe?"

"Shangazi anaimba kama amejifungia bafuni, na ngoma zinapigwa nyumba ya tatu."

Volti alicheka mpaka tumbo likatikisika, kisha akanuna kidogo. Masikio akamweleza taratibu, maana alimheshimu. Ukumbi ule ni mdogo. Ngoma na tarumbeta zina nguvu zake zenyewe, hazihitaji spika, kwa hiyo hazipiti kwenye mtambo. Kinachopita kwenye mtambo ni sauti ya mwimbaji na gitaa. Mtu aliyekaa kwenye kiti anapata vyote. Waya unapata nusu.

"Waya wako nautaka, fundi. Lakini na maiki zangu zitasikiliza kama mtu aliyekata tiketi. Halafu nitavichanganya. Na hizi feni tungezizima, zinavuma."

"Watu mia mbili, bati juu, jua la saa tisa? Wataning'oa mimi badala ya feni!"

Masikio akaziacha feni zivume, akarudi kwenye stendi yake.

Bendi ilipojaribu wimbo mmoja ukumbi ukiwa mtupu, alishusha kiwango cha kinasa mpaka Volti akakunja uso.

"Mbona unawapunguza? Wako sawa kabisa."

"Sasa hivi wanavipigia viti. Wakiona watu, mpiga ngoma ataota mikono mingine miwili."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukumbi ulipojaa, mpiga ngoma alizishukia ngoma zake kama anadai haki, tarumbeta ikapaa, watu wakapiga makofi, wala sauti haikukwaruza popote. Masikio alikaa kando ya Volti nyuma ya mtambo, hedifoni masikioni, akitabasamu. Alijua anachokifanya.

Kisha ukafika wimbo wa mwisho, ule ambao Shangazi alifundishwa na mama yake wakiosha vyombo. Mama huyo, Bibi yake Masikio, alikuwa amekaa kiti cha pembeni safu ya tatu, fimbo yake imelazwa mapajani. Shangazi aliimba ubeti wa kwanza. Kwenye wa pili akaiacha maiki pale kwenye stendi yake, akashuka ngazi za jukwaa huku anaimba, akaelekea kwa mama yake.

Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini. Tarumbeta ikatulia. Gitaa peke yake likamfuata, polepole.

"Amepotea!" Volti alinong'ona. Kwenye waya wake lilibaki gitaa tu. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha maiki ya Shangazi ili aipandishe, aivute ile sauti kutoka mbali.

Masikio aliuona mlio mkali wa spika, ule unaotoka maiki ikipandishwa kupita kiasi, kabla haujazaliwa. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

"Usipandishe, fundi. Shusha mpaka chini."

"Nimzime shangazi yako?"

"Hayuko huko tena. Yuko kwangu." Akavua hedifoni, akamvalisha.

Volti alisikiliza. Uso wake ukalegea. Alizivua hedifoni kwa mikono miwili kama anayebeba yai, akaziweka mezani, akanyata mpaka ukutani kwenye swichi za feni. Feni zikapunguza mwendo moja moja, zikasimama. Hakuna aliyelalamika. Jasho liliwatiririka watu na hakuna aliyejipepea.

Shangazi alipiga goti mbele ya mama yake. Ubeti wa tatu wakauimba wawili.

Jumapili asubuhi Masikio alimpelekea rekodi nyumbani, akamwekea kwenye simu yake. Shangazi alikaa kitandani kando ya begi la hospitali ambalo halijafungwa, hedifoni zikiwa zimembana kilemba. Zilipoanza ngoma alitikisa bega. Ulipofika wimbo wa mwisho akafumba macho.

"Nani huyu anakohoa?"

"Bibi. Kabla ya ubeti wa tatu. Nikitaka naweza kumwondoa."

"Thubutu!" Shangazi akafumbua macho. "Na hiki kilichogonga sakafu?"

"Fimbo yake, ilianguka."

"Iache. Acha vyote." Akarudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena mpaka makofi. Kisha akavua hedifoni, akaziweka ndani ya begi juu ya kanga, akalifunga.

"Hizi naenda nazo. Wewe utarekodi kwa masikio, si ndiyo jina lako?"