Atakayefaulu Atampeleka Mtahini Nyumbani

Mama Mikate alikuwa amefeli mtihani wa udereva mara tatu bila hata kuwasha gari. Usicheke, ndivyo mambo yalivyokwenda katika ofisi ile ya leseni. Mtahini anaingia, anaketi, anafunga mlango, halafu anainua kona ya zulia la miguuni na kuchungulia chini yake. Akikuta bahasha, umefaulu. Akikuta mchanga na maganda ya njugu, anashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari za msiba, anasema, "Mama, bado hujaiva," na kushuka zake. Mtihani umekwisha hapo.

Watu walimwita Bwana Zulia, na jina lenyewe alilijua. Hakuwa mtu wa fujo. Shati lake lilipigwa pasi mpaka kola ikasimama, sauti yake ilikuwa laini, na kabla ya kukufelisha alikuuliza kwanza hali ya watoto. Hakudai hata siku moja. Alichungulia tu. Mtu wa namna hii anaudhi kuliko kibaka, maana kibaka angalau hajifanyi ndugu yako.

Mama Mikate naye alikuwa na kichwa kigumu kuliko mkate wa juzi. Alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba, kigari cheupe cha kubebea mikate, na dereva wa kuajiriwa ambaye sasa alikuwa amepata kazi mbali, akaondoka. Kabla hajaondoka alimfundisha bosi wake kuendesha, huko kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, na mama akashika haraka. Kwenda mbele, alikwenda vizuri. Kurudi nyuma hawakukutilia maanani, kwa kuwa mikate, walisema, hupelekwa mbele.

Sasa hospitali kubwa ilikuwa imekubali kununua mikate yake. Mtunza stoo alisema wazi: Jumatatu alfajiri gari liwe getini, na anayeliendesha awe na leseni, la sivyo kazi inakwenda kwa tanuri lingine. Kazi hiyo mama aliitamani mpaka akaiota. Ingelipa madeni ya unga, ingemrudisha binti yake wa mwisho chuoni, na ingemwezesha mumewe kupumzisha macho yake. Mumewe alikuwa fundi saa, na macho yake yalianza kukataa vitu vidogo.

"Toa tu yaishe, mke wangu," fundi saa alimwambia kila alipofeli.

"Nitoe nini? Gari nimenunua, mafuta nimetia, ada ya mtihani nimelipa benki. Na hilo zulia lenyewe ni langu!"

Mambo yalianza kubadilika alipoletwa mkuu mpya wa ofisi, mwanamke mfupi mwenye sauti nene, aliyetoka kitengo cha magari ya wagonjwa. Huko alichoka kuokota watu barabarani. Kila alipookota, aliiomba leseni ya dereva, na leseni zilikuwa safi kabisa. Alipofika hakuhutubia mtu. Aliliondoa basi dogo lililokuwa likiwarudisha watahini makwao jioni, akabandika tangazo getini kwa herufi kubwa: KUANZIA LEO, ATAKAYEFAULU ATAMPELEKA MTAHINI WAKE NYUMBANI. Wakifaulu wengi, mkuu mwenyewe ndiye angechagua nani ampeleke nani.

Siku ya kwanza watahini walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya pili mmoja wao alifaulisha kijana kwa njia ile ya zulia, na jioni kijana akampeleka nyumbani kwa kupitia bwawa la bata. Asubuhi yake mtahini alikuja kazini na viatu vya kuazima. Hakuna aliyecheka tena. Ghafla watu waliokuwa wakichungulia mazulia walianza kuchungulia breki. Walimshika mtu mkono wakimwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, kwa haki ya Mungu, unajua kuendesha?" Wenye bahasha wakawa wanakimbiwa. Wanaojua gari wakawa wanagombewa uwanjani kama maharusi.

Aliyeteseka kuliko wote ni Bwana Zulia, kwa sababu ya anakoishi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu ya mlima, mahali ambapo njia inakufa: ukuta upande mmoja, korongo upande wa pili.

Ijumaa Mama Mikate alifika na kigari chake, kreti za mikate zikiwa nyuma, mumewe pembeni. Uwanja ulijaa watu wanaosubiri zamu zao. Fundi saa alikuwa amevaa koti lake zuri, na tangu asubuhi hakumtazama mkewe machoni. Alishuka, akasimama kando na kuanza kuitia ufunguo saa yake ya mkononi, ambayo alikuwa ameshaitia nyumbani.

Bwana Zulia aliingia, akaketi, akafunga mlango. Zulia hakuligusa.

"Hongera, mama," alisema. "Umefaulu."

"Sijawasha gari."

"Nimeona unavyokaa. Mkao tu unatosha."

Mama Mikate aliinama mwenyewe akainua zulia. Maganda ya njugu. Alimtazama mtahini, mtahini akatazama dirishani, na huko dirishani fundi saa alikuwa akitazama mawingu kama mtu aliyeajiriwa kuyahesabu. Hapo mama akaelewa.

"Baba watoto!" Aliufungua mlango. "Njoo hapa. Umempa nini huyu?"

Fundi saa alikuja polepole. Hakuwa mwongo, na hata angetaka, uso wake usingemsaidia. "Nilimpitia jana," alisema. "Alisema jioni mkuu atamchagulia mwingine wa kumpeleka. Usinikasirikie, mama watoto. Nimechoka kukuona ukikanda unga huku unalia. Wateja wameanza kusema mkate una chumvi."

Watu walio karibu waliangua kicheko. Mama Mikate hakucheka. Alikuwa akiiona Jumatatu, geti la hospitali, mtunza stoo akitia saini. Angenyamaza kidogo tu, angeshukuru, angefunga mlango, na leseni ingekuwa mkononi kabla ya chakula cha mchana. Hakuna ambaye angemlaumu. Nusu ya watu pale uwanjani wangemwona mjinga akikataa. Alimeza mate. Halafu akazikumbuka zile mara tatu, na pumzi ya msiba ya Bwana Zulia, na hasira ikamkaba mpaka akashindwa kuimeza pamoja na mate.

"Mrudishie!" alimwambia mtahini, kwa sauti iliyofika mpaka ukutani. "Mrudishie pesa yake, halafu unipime. Mimi sijapimwa hata siku moja!"

Bwana Zulia alitoa bahasha mfukoni akamrudishia fundi saa, na uwanja mzima ukashangilia kana kwamba goli limeingia. Kelele zilimtoa mkuu ofisini. Alikuja na hatua zake fupi, akaitazama bahasha, akawatazama wote watatu, akaelewa bila kuelezwa.

"Wewe," alimwambia Bwana Zulia, "leo ni siku yako ya mwisho kupima watu. Jumatatu tutazungumza, na hutayapenda mazungumzo. Leo imalize kazi kwa heshima. Mpime, nami nitakaa nyuma." Kisha akamgeukia fundi saa. "Na wewe mzee, unajua kwamba kutoa nako ni kosa?"

"Najua, mama."

"Basi na wewe utaadhibiwa."

"Huyo niachieni mimi," alisema Mama Mikate.

Akapimwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipimwa, mkuu akiwa amekaa katikati ya kreti kama boflo kubwa. Alizunguka mzunguko wa barabara kuu bila kumpigia mtu kelele, ingawa alitamani. Alisimama kwenye mwinuko na kuondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Bwana Zulia alianza kukaa vizuri kwenye kiti. Wakarudi uwanjani kwa zoezi la mwisho, kurudi nyuma kati ya mapipa mawili. Mama akatia rivasi, akageuza shingo, akakata usukani upande usio wake. Pipa likaenda chini kwa kishindo, likabingirika mpaka mtaroni.

"Pipa lilisimama vibaya," alisema Bwana Zulia upesi. Alikuwa akiifikiria njia ya kwao jioni, na dereva bora kuliko huyu hakuwa amemwona wiki nzima.

"Pipa lilisimama sawasawa. Mimi ndiye niliyeliangusha. Andika."

Akaandika. Na jambo la ajabu ni kwamba Mama Mikate hakuumia kama zile mara tatu. Aliogopa, ndiyo, maana Jumatatu ilikuwa palepale. Lakini safari hii alijua amefeli nini, na kitu unachokijua unaweza kukikamata shingoni.

Mkuu alisema utaratibu unamruhusu aliyeshindwa zoezi moja kulirudia kabla ofisi haijafungwa. Mama hakungoja aelezwe zaidi. Pipa moja lilikuwa bado mtaroni, kwa hiyo alimwonyesha mumewe mahali lilipokuwa limesimama mwanzo.

"Simama hapo."

"Mimi?"

"Si ulitaka nifaulu? Basi wewe ndiye pipa."

Watu waliacha hata chakula chao. Kigari kilipoanza kurudi, fundi saa aliruka pembeni, koti likipepea, na mtu mmoja akapiga kelele, "Pipa halikimbii, mzee!" Alirudi mahali pake. Kigari kikaja tena, akafumba macho, akaguswa paja, akasema "Aka!" lakini hakutoka. Kila mtu akawa mwalimu. Kata kushoto! Kulia! Nyoosha! Mama Mikate alitoa kichwa dirishani akawaambia wote wafunge midomo yao isipokuwa pipa.

"Polepole, mama watoto," pipa likasema. "Kama unavyotia mkate kwenye tanuri. Huusukumi. Unaupeleka."

Mama alicheka. Kumbe lilikuwa jambo la mkono wake mwenyewe. Alirudi taratibu, akaingia, akatoka, akaingia tena, mpaka fundi saa akafumbua macho, na baadaye akakunja mikono kifuani kwa maringo, pipa lenye uzoefu.

Alipokuwa tayari aliomba mumewe abaki palepale kwa mtihani wenyewe. Mkuu akakataa. "Serikali haiwapimi watu kwa waume zao," alisema, na pipa la bati likaopolewa mtaroni. Mama Mikate akarudi nyuma kati ya mapipa mawili kwa ulaini kiasi kwamba Bwana Zulia alishuka, akazunguka gari lote akitafuta kosa, hakuliona. Vigelegele vikapasuka. Fundi saa alilia waziwazi na kusingizia vumbi. Leseni iliyotoka ofisini ilikuwa bado na joto la mashine, na mama aliishika kwa mikono miwili.

Jioni mkuu hakusumbuka kuchagua. Bwana Zulia alikwenda mwenyewe kusimama kando ya kigari cheupe.

Walipanda mlima, fundi saa nyuma na kreti, mtahini mbele. Mwanzoni mtahini alishikilia mpini wa mlango kwa nguvu zote. Baada ya kona ya pili aliuachia. Baada ya ya tatu kichwa chake kiliinama, na Mama Mikate akasikia mkoromo. Akamwacha alale. Alikuwa amemchukia kwa muda mrefu, na sasa chuki ilikuwa inamwishia njiani, bila yeye kuiambia iondoke.

"Tumefika, bwana," alisema.

Bwana Zulia aliamka, akajifuta mdomo, akashuka. Kisha akasimama. Fundi saa naye alikuwa ameshashuka, na wote wawili walikuwa wakitazama kitu kilekile: ukuta kulia, korongo kushoto, na njia nyembamba iliyoishia hapo. Nafasi ya kugeuza gari haikuwepo. Atakayeshuka mlima ule atashuka kinyumenyume.

Fundi saa aliitoa ile bahasha mfukoni mwa koti, akaitazama, akalitazama korongo, akairudisha.

"Asubuhi nilisema umefaulu," Bwana Zulia alinong'ona. Sauti yake laini ilikwaruza. "Mama, mimi nilisema umefaulu."

"Ulisema," alijibu Mama Mikate. Alikuwa akitabasamu. "Haya, baba watoto. Unajua kazi yako."

Fundi saa alikwenda hadi ukingoni mwa korongo, akafunga vifungo vya koti, akasimama wima. "Pipa liko tayari!" aliita.

Mama Mikate alitia rivasi na kugeuza shingo. Kupitia kioo cha nyuma alimwona Bwana Zulia akiweka mkoba wake chini, akivuka njia bila kuombwa na mtu, na kwenda kusimama kando ya ukuta, mikono imenyooka, pipa la pili.