Maski Zote Zipigwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Beldina alifika kwenye chumba cha kuchekechea majani, katika kiwanda kimoja cha chai nje ya Roret, akavaa barakoa aliyokuwa ameitumia mwezi mzima na kupanga foleni apigwe kofi.

Mambo yalianzia kwenye ubao wa matangazo. Meneja alikuwa ameagiza mashine ya kurudishia barakoa ule umeme wake wa kunasa vumbi, ili zitumike tena. Karani akaandika: MASKI ZOTE ZIPIGWE CHAJI KABLA YA SHIFTI. Mashine ikachelewa. Supavaisa Benard, ambaye subira hakuzaliwa nayo, alisoma hadi neno la tatu akamzaba kofi Nyang'au, mfanyakazi aliyekuwa karibu naye. Nywele za Nyang'au zikasimama, na vumbi la chai likatoka hewani likajibandika kwenye barakoa yake. Alipumua vizuri siku nzima. Mashine ilipofika ilifungiwa stoo, maana makofi hayali stima. Rodah akawa kiziwi sikio moja, Bosire akang'oka meno mawili. Watu walilalamikia urefu wa foleni.

Asubuhi hiyo Benard alikuwa na plasta mkononi. Alikuwa ameuvunja mkono huo kwenye taya la mtu.

"Beldina, leo utapiga wewe."

Wa kwanza alikuwa Chepkosgei, mama Chepngeno, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akikohoa damu tangu Jumapili. Beldina alimpenda kama dada wa tumbo moja. Akampiga kofi la kufukuza nzi.

Nywele hazikusimama. Vumbi lilipenya barakoa kama haipo, na kufikia saa nne Chepkosgei alikuwa sakafuni, midomo imegeuka bluu.

"Usinionee huruma," alisema. "Niko na watoto watatu. Piga ile ya ukweli."

"Mama Chepngeno, siwezi."

"Piga!"

Beldina alikunja ngumi, akapiga. Mfupa ulilia. Vumbi la chumba kizima likaruka likamvaa Chepkosgei usoni, jeusi, nene. Akavuta pumzi hadi chini kabisa ya kifua. Beldina alilia kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

"Hiyo sasa ndiyo kazi," Benard akasema. "Mwingine!"

Chepkosgei alijishika taya lililokaa upande.

"Asante, dada," alisema. "Kesho unipige hii side ingine."