Kipande cha Pazia

Fundi Macho alipewa jina hilo kwa sababu alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuchoka kulisema. Ukipita mlangoni pake msimu wa sikukuu, cherehani ikinguruma na nguo zimening'inia mpaka darini, ungemsikia akiwahubiria wateja: funga mkoba, mama, simu usiitie mfuko wa nyuma, ukipigiwa na mtu usiyemjua akikwambia umeshinda zawadi, kata. Ukutani alibandika kipande cha boksi chenye maandishi makubwa: HUU NI MSIMU WA WEZI. MIMI SIDANGANYIKI, NA WEWE USIDANGANYIKE. Hakuna aliyemwomba aandike, lakini ndivyo alivyokuwa.

Mahubiri hayo yote yalimlenga mtu mmoja aliyekuwa humo humo chumbani, naye ni wifi yake. Alikuwa dada wa mumewe, mwanamke mpole wa makamo aliyekuja kuishi nao baada ya ndoa yake kuvunjika. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi, kutundika nguo zilizokwisha kushonwa na kuwakabidhi wenyewe. Mwaka uliotangulia, wiki kama hii, mwanamume mwenye sauti tamu alimpigia simu kumpongeza kwa kushinda friji. Lipo tayari kwenye lori, akasema, imebaki tu namba yako ya siri. Wifi akaitaja, tena polepole, ili jamaa asikosee kuandika. Akiba yake yote ikayeyuka hata kabla hajaweka simu chini.

Tangu siku hiyo kila lori likipita barabarani Fundi Macho aliinua kichwa. "Wifi, hebu chungulia nje. Friji limefika?" Wateja wakacheka. Wifi naye akacheka, akiinamia pasi yake.

Mume wa fundi hakucheka. Alifanya kazi mbali, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na hasira zake alizituma kwa simu. "Dada yangu nampenda," alisema. "Lakini akipoteza kitu kingine, tena cha mteja, nampeleka kwa baba mdogo." Kwa baba mdogo palikuwa na watu kumi na wawili katika vyumba vitatu, na mke wa baba mdogo alikuwa na ulimi unaochubua. Wifi aliyasikia maneno hayo, maana simu ilikuwa kwenye spika. Aliendelea kukunja mashati.

Sasa ni lazima nieleze jinsi walivyokuwa wakikabidhi nguo, kwa sababu ndipo balaa lilipoanzia. Duka hilo halikutoa risiti. Mwanamke aliyemfundisha fundi kazi hakujua kusoma, akabuni njia yake, na njia hiyo ikarithiwa. Ukileta kitambaa, kinakatwa kipande cha upana wa vidole viwili, halafu kipande hicho kinakatwa katikati, mkasi ukipinda huku na huku. Nusu moja unaondoka nayo. Nusu ya pili inabanwa kwa pini kwenye nguo yako. Ukirudi, nusu mbili zinaunganishwa. Zikiingiana, unapewa nguo, na ile nusu ya dukani inatupwa kwenye kopo la maziwa la wifi. Mtaa mzima uliisifu njia hiyo.

Ila msimu wa sikukuu nani ana muda wa kuunganisha vipande? Watu wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka nguo yake jana. Kidogo kidogo fundi alizoea kutazama rangi tu. Ya bluu kwa bluu, chukua, haya, anayefuata. Na nje, kando ya mlango, lilikaa gunia la mabaki ya vitambaa, wazi kwa yeyote anayetaka kujaza mto au kupata tambara la kufutia vumbi. Fundi alijivunia gunia hilo. Asije mtu akasema yeye ni mchoyo.

Jumanne asubuhi wifi alikwenda kununua zipu. Akaingia mwanamke nadhifu, mkoba begani, uso wa mtu asiyekosa kwaya. Akasalimia vizuri, akatoa kipande cha zambarau chenye maua madogo meupe.

"Nimetumwa na mama nichukue gauni lake, fundi. Miguu inamsumbua."

"Mama Mkunga?" fundi akauliza, mguu wake ungali kwenye cherehani.

"Huyo huyo."

"Maskini, miguu yake hiyo! Nilimwambia asihangaike kuja." Fundi akainuka, akalishusha gauni la zambarau, akatazama rangi kwa rangi, akalifunga kwenye gazeti. Vile vipande viwili alivitia kwenye droo ya cherehani, maana kopo lilikuwa mbali na watu walikuwa wanamngoja. Kisha akamwita yule mwanamke aliyekuwa ameshafika mlangoni. "Funga mkoba wako, dada. Msimu huu una wezi."

"Asante sana, fundi. Watu wamekuwa wabaya," akajibu yule mwanamke, akaufunga.

Mkunga mwenyewe alifika Jumatano, akijikokota kwa fimbo. Alikuwa amestaafu, na nusu ya wateja wa duka lile walizaliwa mikononi mwake. Kitambaa cha zambarau alinunuliwa na binti yake kwa mshahara wake wa kwanza, huko mbali anakofanya kazi, na binti alikuwa anarudi Jumamosi baada ya miaka minne. "Nataka anikute nimelivaa," alikuwa amesema siku alipopimwa. Kitambaa kama kile hakikuwa kinauzwa popote mjini. Akatoa kipande chake kutoka kwenye kitambaa cha jasho alimokifunga.

Fundi alikiona kipande kile. Alikielewa kisa chote papo hapo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Wifi alitafuta kwenye kamba ya kwanza, akatafuta ya pili, akarudia ya kwanza. Wateja wakaanza kutazamana. Kinyozi wa duka la jirani, ambaye habari haimpiti, alikuwa tayari mlangoni na mashine yake mkononi.

"Umempa nani gauni langu?" Mkunga alimuuliza wifi. Hakumuuliza fundi. Hakuna ambaye angemuuliza fundi.

"Jana niliwapa watu wengi, mama," wifi akasema. "Sikumbuki... Labda ni mimi. Labda nilikosea. Nisamehe, mama."

"Ndiyo yale yale ya friji," kinyozi akasema.

Hapo ndipo Fundi Macho alipopaswa kufungua mdomo. Mdomo ule uliohubiri mwaka mzima ulikuwa mkavu kama chaki. Alitazama lile boksi ukutani, akatazama watu, akajisikia aibu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijua bado. Akasema tu, "Tutalitafuta, mama. Tupe mpaka Ijumaa." Akakaa kwenye cherehani, akashona kola nzima upande usio wake.

Jioni, akipita mlango wa chumba cha wifi, aliliona begi limefungashwa, limewekwa miguuni pa kitanda. Mumewe angefika Jumapili. Fundi alisimama pale, akapita. Alijiambia atasema kesho. Ilikuwa aibu tu, wala si ubaya wa roho, lakini begi lilikuwa ni begi.

Kesho yake wifi ndiye aliyeanza kuzungumza, huku akinyunyizia shati maji.

"Yule mtu atarudi."

"Mtu gani?"

"Aliyechukua gauni. Yule wa friji, baada ya kuniibia, alinipigia tena mara tatu. Wakishakuona mjinga hawakuachi." Alisema hivyo bila uchungu, akieleza jambo analolijua kuliko wengine. "Nadhani kipande alikitoa kwenye gunia letu. Anachungulia nguo zilizotundikwa, kisha anapekua mabaki yake."

Fundi aliduwaa. Miaka yote hiyo ametundika nguo za watu ndani, na funguo zake akazimwaga nje barazani. "Sasa tufanye nini?" akauliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza wifi swali kama hilo.

Wifi alikwenda chumbani kwake akarudi na pazia la dirisha lake, la kijani lenye majani makubwa ya kahawia. "Hili hakuna mteja aliyelileta. Lishone gauni, ulitundike karibu na mlango. Vipande vyake tuvitie guniani juu juu. Anayetaka kujaza mto atachukua ajaze mto wake. Atakayekuja na kipande kudai nguo, ndiye."

Fundi alilishona gauni hilo kwa saa moja, bila pindo wala kifungo. Lilikuwa baya mno. Kinyozi alipoliona alisema mwenye nguo hiyo hastahili kuibiwa, anastahili kuonewa huruma. Wakamwambia siri, wakamwomba alifunge domo lake kwa siku moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaweza.

Ijumaa asubuhi Mkunga alikuwa ameshakaa kwenye benchi, fimbo magotini, akingoja. Yule mwanamke nadhifu akaingia na mkoba wake. Alimtolea wifi kipande cha kijani chenye ncha ya jani la kahawia.

"Nimetumwa na mama nichukue gauni lake, dada. Miguu inamsumbua."

"Mama yupi?" wifi akauliza.

"Yule mama... unamjua tu. Wa miguu."

"Simjui. Nitajie jina lake."

Yule mwanamke akangoja atajiwe. Wifi naye akangoja. Pasi ilikuwa ikitoa mvuke katikati yao. "Gauni hili ni pazia langu," wifi akasema mwishowe. "Limetoka dirishani kwangu." Mwanamke akageuka, akakuta mlango umejaa kinyozi na wateja wake wawili, mmoja kanyolewa nusu.

"Asiguswe na mtu," Mkunga akasema kwa sauti ile aliyowaamrisha nayo mama zao, na hakuna aliyeinua mkono. "Liko wapi gauni langu? Wewe ndiye uliyemdanganya huyu wifi wa fundi?"

Mwanamke alimtazama wifi, akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kukamatwa na hakuona haja ya kubeba mzigo wa ziada. "Huyu sijawahi kumwona. Aliyenipa ni fundi." Akamwonyesha kwa kidole. "Kwa mkono wake. Jina la mama alinitajia yeye, na akaniambia nifunge mkoba."

Cherehani ilinyamaza. Watu wote wakamgeukia Fundi Macho, kisha, taratibu, wakalitazama boksi ukutani.

"Ni kweli," fundi akasema. Neno lilitoka dogo. "Ni mimi. Nilijua tangu Jumatano."

"Na mimi nilijua tangu Jumatano," wifi akasema. Akatoa mfukoni vipande viwili vya zambarau, akaviweka juu ya meza ya pasi, akavisogeza pamoja. Havikuingiana hata kidogo. "Nilivikuta kwenye droo ya cherehani yako. Mimi vyangu huwa natia kwenye kopo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akachukua pasi, akaona imeanza kupoa, akairudisha kwenye umeme. "Nikangoja mpaka nikafungasha begi."

Fundi Macho alilia mbele za watu, kilio cha wazi kabisa, akijifuta kwa kipande cha bitana. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Polisi walikwenda na yule mwanamke hadi chumbani kwake, wakalikuta gauni la zambarau bado liko kwenye gazeti lake, pamoja na nguo za mafundi wengine watatu. Saa tisa lilikuwa limerudi. Mkunga alilivaa nyuma ya pazia la duka, akatoka, akajigeuza mbele ya kioo, akasema mkono wa kushoto unabana kidogo. Fundi aliulegeza pale pale, akiwa amepiga magoti. Gunia lilikuwa limeshaingizwa ndani, na wateja wa siku hiyo walikuwa wamesimama foleni, kila mmoja akiunganishiwa vipande vyake mpaka viingiane, bila mtu kulalamika kwamba anacheleweshwa.

Kisha fundi akampigia mumewe, akaiweka simu kwenye spika, kama ilivyokuwa siku ile. Watu wote walikuwepo.

"Gauni la mteja liliibwa," akasema. "Limepatikana. Aliyelitoa ni mimi, si dada yako. Dada yako ndiye aliyelirudisha."

Mumewe akauliza, "Sasa wewe nikupeleke kwa nani?"

Duka zima likapasuka kwa kicheko. Kinyozi alijishika mbavu, Mkunga alipiga sakafu kwa fimbo. Fundi naye akacheka, akiinamia cherehani yake, na alipokuwa ameinama hivyo ndipo alipotambua kwamba ameinama kama wifi alivyokuwa akiinamia pasi, na kwamba kicheko kile, ukiwa upande huu wake, hakikuwa kicheko hata kidogo. Alikuwa amekipika mwaka mzima.

Wifi peke yake hakucheka. Alilishusha lile gauni la pazia, akaja kulitandaza mbele ya cherehani, akalinyoosha kwa viganja.

"Nipigie pindo, wifi," akasema. "Nitalivaa sikukuu."