Kasi ya Mkono wa Rehma

Siku mashine ya Bakari ilipokata kuni kwa mara ya kwanza, Aloo aliacha samaki wake wakaungua. Si jambo dogo hilo. Aloo ni mwanamke ambaye hata mvua ya mawe haimwondoi mbele ya karai lake la mafuta, lakini asubuhi ile alisimama na kijiko mkononi, mdomo wazi, akitazama tawi zima la mkaratusi likiingia upande mmoja wa mashine na kutoka upande wa pili vipande vipande, kila kimoja urefu wa kiganja. Soko la Otonglo likasogea lote. Injini iliimba kwa sauti ile ile ya kisiagi cha unga, ambayo watu wa huku wakiisikia kutoka mbali hujua kazi ipo, wakabeba mahindi yao na kuifuata.

Sauti hiyo Bakari aliitafuta makusudi. Miaka ishirini ya kutengeneza visiagi ilikuwa imemfundisha kwamba mteja haamini mashine asiyoisikia. Basi alifungua mafuta mpaka injini ikapanda kwenye wimbo wake, akaufunga mkanda kwenye puli ndogo, akaridhika. Mashine yenyewe aliiunda kwa mikono yake: difu la pikapu iliyokufa, injini kuukuu ya dizeli, na kisu alichokifua kutoka kwenye springi ya lori na kukinoa kwa juma zima. Aliweka alama ya chaki kwenye ekseli ya kisu, akatazama saa, akahesabu. Kisu kilishuka mara tisini kwa dakika. Mikono yake mwenyewe ililisha matawi kwa kasi hiyo bila taabu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na majivuno ya ujana yalikuwa yamembakia mikononi.

Aliiunda kwa ajili ya mkewe. Rehma hukaanga mgongo wazi, yale mafupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki minofu ikishatolewa kiwandani, na moto wake hula kuni kuanzia alfajiri hadi magharibi. Kwa miaka mingi alizipasua mwenyewe kwa shoka. Msimu wa mvua uliopita, shoka likaanza kukosa gogo. Rehma alisema ni bega. Bakari alimwamini, maana bega la mtu mzima halihitaji shahidi.

“Haya, Mama Mujahid,” alimwita mbele ya watu. “Ni yako. Ijaribu.”

Rehma alijifunga leso kiunoni, akachukua tawi, akalisukuma kwenye mdomo wa bati. Likakatika. Akatia la pili. La tatu lilikuwa na panda ndogo. Kisu kiliponasa panda hiyo, tawi lilivutwa ghafla, na mkono wa Rehma ukaenda nalo. Haukufika mbali. Uliachia shubiri moja kabla ya bati, watu wakapiga makofi, Rehma akatabasamu. Ila Bakari alikuwa akimtazama usoni, akaona alichofanya: aliinamisha macho haraka kuvitazama vidole vyake, kama mtu anayerudi kuangalia iwapo mlango ameufunga. Alihitaji macho ili ajue kwamba ameachia.

Bakari alizima injini.

“Mafuta yameisha,” alisema. Tangi lilikuwa nusu.

Tangu hapo akaanza kumchunguza mkewe kwa siri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka thelathini na minane ya ndoa. Alimwona akifunua sufuria ya wali bila kitambaa, mfuniko umetoka motoni, akaushikilia huku akizungumza, wala hakuharakisha kuuweka chini. Alimwona akifunga vifungo vya gauni huku amekitazama kila kimoja. Rehma alikuwa mgonjwa wa sukari kwa mwaka wa tisa sasa. Ganzi ya miguu alikuwa amemwambia, na Bakari akamnunulia viatu vya kufunika vidole, akadhani mambo yamekwisha. Ya mikono hakuambiwa. Aliona aibu, aibu ya kweli. Yeye ambaye husikia beringi mbovu ikilia ng’ambo ya barabara hakuwa amelisikia hili ndani ya nyumba yake.

Angeweza kuuliza. Lakini alijua swali hilo lingeongoza wapi. Mwana wao Mujahid alikuwa akipiga simu kutoka Nakuru kila Ijumaa, na kila Ijumaa alisema mama apumzike sasa, kazi ya moto aiache. Akisikia habari ya ganzi ya mikono, angekuja kumchukua. Na Rehma kukaa kwenye kochi la watu, akiletewa chai! Mwanamke huyo alikuwa amelisha nusu ya soko. Bakari hakuweza kumwona mahali pengine ila nyuma ya karai lake, akibishana na wateja. Kwa hiyo kulikuwa na mkono, na kulikuwa na kazi, naye alitaka mkewe abaki na vyote viwili.

Akabadilisha puli, akaweka kubwa zaidi, maana puli ikikua kisu hupungua kasi. Kisu sasa kilishuka mara arobaini na tano. Waliouliza aliwaambia injini inachemka.

“Yawa, Mzee Bakari,” Aloo alisema, mikono kiunoni. “Hii mashine imeokoka ama? Jana ilikuwa inakata moto, leo inatembea kama inaenda matanga.”

Wanawake wa samaki walicheka hadi wakashikana mabega. Rehma hakucheka.

“Rudisha ya jana, Baba Mujahid,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Watu wanatutazama.”

“Injini inachemka.”

“Toka lini injini ikakushinda?”

Bakari akajidai anatafuta spana. Kilichomsumbua si kicheko cha soko. Arobaini na tano aliikisia tu. Alikuwa kama mtu anayemnunulia mwenzake viatu kwa kupima mguu wake mwenyewe. Mkono wake huachia tawi hata kabla hajafikiri kuachia; wa Rehma huachia lini? Aliurefusha mdomo wa bati, akaongeza na ufito wa chuma usawa wa kiuno, ambao ukisukumwa na mwili mkanda unalegea na kisu kinasimama. Hayo yote mazuri. Lakini mkono usiojua kwamba unavutwa hautaomba kiuno kiuokoe. Alihitaji mkono kama ule kuupima, na mwenye mkono hakutaka ujulikane.

Siku ya nne, pikapu ya samaki kutoka Usenge ilisimama sokoni kama kawaida yake, makasha ya ngege yamejaa barafu. Bakari akamwomba dereva barafu ndoo moja. Dereva aliuliza kama kuna sherehe. Bakari alisema ipo, akaenda nayo nyuma ya karakana yake hapo sokoni, alikokuwa ameisogeza mashine, akakaa juu ya kreti na kutumbukiza mkono wa kulia mpaka kifundo.

Kwanza uliuma hadi machozi yakamtoka. Kisha ukawaka kama umepakwa pilipili. Kisha ukanyamaza. Alipoutoa ulikuwa mwekundu na mzito, wa mtu mwingine kabisa. Alishika tawi refu, refu makusudi ili asifike karibu na bati, na hakujua kama amelishika ila kwa kulitazama. Hapo ndipo alipoelewa yale macho ya Rehma. Akawasha injini kwa kasi ile ya arobaini na tano, akageuza uso pembeni, akatia tawi.

Kisu kilinasa. Aliuamuru mkono uachie, na mkono ukaipokea amri ile kwa kuchelewa. Alipotazama, tawi lilikuwa limemvuta zaidi ya shubiri mbili. Kama lingekuwa fupi, kama yalivyo matawi mengi mwishoni, kisu kingekuwa kimekwisha kufanya hesabu yake. Akausukuma ule ufito kwa kiuno, akazima injini, akabaki ameketi na moyo unamwenda mbio.

“Mkono umefanya nini?”

Rehma alikuwa amesimama kwenye kona ya karakana, sahani ya chakula cha mchana cha mumewe mkononi. Bakari alificha mkono nyuma kama mtoto aliyekutwa na mnofu wa wageni. Rehma aliitazama ndoo, akaitazama mashine, akamtazama mumewe, na sahani akaiweka chini taratibu.

“Umejua lini?”

“Siku ile ya kwanza.”

“Nani amekuambia?”

“Uliutazama mkono wako.”

Alisogea akaketi kando yake kwenye kreti, wakabanana. Aliuvuta ule mkono wa kulia kutoka mgongoni mwa Bakari, akauweka kati ya viganja vyake viwili na kuanza kuusugua, kama alivyowasugua watoto enzi zile walipotoka kuogeshwa asubuhi za mvua.

“Ni baridi?” aliuliza.

Mkono ulikuwa umetoka kwenye barafu muda si mrefu, naye alikuwa ameushika kwa mikono yake yote miwili, na ilimbidi aulize. Bakari alilia bila kujificha, na Rehma akaendelea kusugua.

“Mujahid usimwambie,” alisema baadaye.

“Simwambii.”

“Na usiniambie niache.”

“Kwani nimesema?”

“Naona unavyofikiri.” Akauinua mkono wake mwenyewe. “Basi acha kupima kwa mkono wako. Mkono wa ganzi unao hapa, wa nini kugandisha mwingine?”

Wakauvua mkanda kabisa, na Bakari akakizuia kisu kwa kipande cha mti. Rehma alishika tawi kwenye mdomo wa bati, uso ameuelekeza barabarani asije akadanganywa na macho. Bakari alisimama upande wa pili, saa mkononi, kulivuta tawi kama ambavyo kisu kingelivuta. Walikubaliana: akihisi linavutwa, aachie, na aseme ameachia.

Bakari alivuta.

“Nimeachia,” alisema Rehma, akitazama malori.

Hakuwa ameachia. Vidole vilikuwa vimelishika tawi vilevile, vimelikumbatia kwa uaminifu. Bakari alingoja, saa ikitembea, mpaka vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine. Walirudia mara ishirini. Nyingine zilikuwa nzuri, karibu na za mtu mzima wa afya, na angetaka sana kuzichukua hizo. Akachukua ile iliyochelewa kuliko zote, akaiongezea nusu yake, akafanya hesabu kwa chaki juu ya bati. Mara ishirini na nne kwa dakika.

Sokoni hapakuwa na puli kubwa kiasi hicho, wala mjini Kisumu hakupata ya kumfaa. Akaichonga kwa mbao, akaivalisha bati ukingoni, upana wake karibu kama meza ya kahawa. Akaunda na shafti mpya ya kuibeba. Kazi hiyo ilimchukua siku sita, na kwa siku hizo Rehma alinunua kuni zilizopasuliwa na hakulalamika.

Mashine ilipowashwa tena, injini iliimba wimbo wake wa kisiagi kama mwanzo, lakini kisu kilishuka kwa utaratibu, kikatulia, kikashuka tena. Aloo alikuja na kijiko chake.

“Sasa hii ni mashine ama ni mzee wa kanisa?”

“Wewe unataka ikate ama ikimbie?” Rehma alimjibu, akitia tawi. Aliachia, akatazama, akapata nafasi ya kutazama tena, ndipo kisu kikashuka. “Simama hapo uhesabu kama kuna linalorudi zima.”

Aloo alihesabu kwa muda, kwa ubishi, kisha akachoka. Kufika adhuhuri rundo lilikuwa limemfika Rehma kiunoni, na Aloo alikuwa ameburuta matawi yake mwenyewe kutoka nyuma ya kibanda, bila kuomba radhi, akayalaza kwenye foleni.

Bakari alipozima injini ili aende kuswali, Rehma alizunguka upande wa puli kufagia vumbi la mbao. Akasimama. Upande wa nje wa puli ile kubwa, shafti ilikuwa imeendelea, chuma kitupu urefu wa kiganja kizima, kimesuguliwa vizuri na kuchongwa tayari mfereji wa kukazia puli nyingine.

“Hapa umebakisha cha nini?”

Bakari angeweza kusema chuma kilikuwa kirefu tu, akaona uvivu kukikata. Lakini mambo ya mafuta kuisha na injini kuchemka yalikuwa yamekwisha baina yao.

“Cha puli kubwa zaidi,” alisema. “Ikiwa kubwa kuliko hii itagonga fremu. Lazima ikae huko nje.”

“Kubwa kuliko hii.”

“Ndiyo.”

“Ya lini?”

“Sijui, Mama Mujahid. Utaniambia wewe.”

Rehma alikitazama kile chuma. Alikiwekea kiganja, akakiacha hapo kitambo, na kama kilikuwa cha moto au cha baridi hakusema. Barabarani lori la miwa lililopotea njia yake lilipiga honi, na Aloo akasikika akimtukana dereva kwa Kijaluo. Rehma alifungua fundo la leso yake, akalikaza upya, akainama kuchukua ufagio.

“Basi kipake grisi,” alisema. “Kisije kikashika kutu kikingoja.”